Ufunguo wa Stoo

Umeniuliza kwenye korido, Hosiana,
daftari kifuani, kalamu tayari,
kana kwamba nitakusomea ratiba:
njia ya kuwa mkuu wa michezo ni ipi?
Ungeuliza njia ya Kiborloni ningejibu haraka.

Mimi nilikuja Pasua kufundisha jiografia.
Nilikuwa na chaki, ramani iliyochanika Afrika Magharibi
na viatu vya ngozi vya arusi ya dada.
Siku ya tatu mbuzi wa jirani akaingia uwanjani
katikati ya mechi ya kidato cha pili.
Nikavua viatu, nikamfukuza hadi golini,
nikamdaka mguu wa nyuma.
Mkuu wa shule alikuwa dirishani.
Basi. Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Jumatatu yake Mwalimu Kaaya, aliyehamishiwa Same,
akaniwekea ufunguo juu ya madaftari ambayo sijasahihisha,
hakusema neno,
kama mtu anayekuomba umshikie mtoto aende msalani
kisha asirudi.

Mipira minne, mitatu haina pumzi.
Wavu ulioliwa na panya.
Mkuki mmoja usio na ncha,
na kombe la mwaka asioukumbuka mtu,
ndani yake mjusi ametaga.

Kozi zipo, ndiyo, nilikwenda:
wiki mbili Arusha, uamuzi wa netiboli,
baridi ya Julai, chai ya rangi,
cheti chenye jina langu limekosewa herufi.
Stashahada nayo ipo, niliisoma likizo tatu,
mifupa ya goti kwa majina yake ya kigeni.
Yaandike hayo, yatakusaidia kwenye fomu.

Lakini andika na haya:
chokaa ya mistari huombwa kwa mafundi ujenzi
kabla ya saa mbili, jua halijawakasirisha.
Mwenye basi akisema laki mbili, anamaanisha laki na ishirini.
Mhasibu ana mtoto kidato cha tatu; mjue jina.
Mzazi asiyetaka binti yake akimbie na kaptura
usimbishie. Mwulize sketi iwe ndefu kiasi gani,
kisha mtafutie mshonaji.

Na andika Naishiye.
Mita elfu moja mia tano, mzunguko wa mwisho,
yuko mbele kwa hatua ishirini,
akaanguka kama nguo kamba ilipokatika.
Nilidhani jua. Nilidhani hedhi.
Akafumbua macho, akasema kwa aibu:
"Mwalimu, jana ilikuwa zamu ya wadogo zangu kula."
Nilikuwa na filimbi shingoni,
saa ya kuhesabia sekunde mkononi,
na hilo sikuwa nimewahi kulihesabu.
Tangu siku ile bajeti yangu huanza na uji.
Mkuu akauliza, uji ni kifaa cha michezo?
Nikasema, ndicho cha kwanza.

Kaimu, Hosiana. Miaka sita niliandikwa kaimu,
bila posho, bila kiti,
nikisaini vibali vya UMISSETA
kwa niaba ya mtu asiyekuwepo.
Barua ya kuthibitishwa iliponifikia
nilikuwa Majengo kwa fundi baiskeli, tunaziba mpira.
Niliisoma nusu, vidole vina gundi,
bahasha nikaitumia kupepea kiraka kikauke.

Ngazi unayoitafuta sijaiona.
Ila Jumamosi, saa kumi na mbili, njoo na fyekeo;
nyasi za kona ya kusini zimefika magotini
na umande wa Moshi haumsubiri mwenye shahada.
Ukiwahi kabla yangu, ufunguo uko chini ya tofali.
Usiuzungushe kwa nguvu:
inua mlango kwanza, kidogo, kwa bega,
halafu ndiyo ufungue.